UZI: Kuanzisha huduma ya wanaojitolea kuwatembelea wagonjwa majumbani chini ya hospisi – yapangwe haya kabla ya kutangaza

#1 Mratibu_Shufaa

Wakuu, salaam.

Maswali kuhusu kuanzisha huduma ya watu wa kujitolea wanaokaa nyumbani na wagonjwa wa tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye ugonjwa mzito, hasa usiopona) yamekuwa yakiulizwa vipande vipande kwenye nyuzi za wengine. Naweka hapa mpango mzima, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe inautaka. Wenye uzoefu mkosoe.

Huduma yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mtu mmoja aliyechujwa na kufundishwa anamtembelea mgonjwa mmoja mara moja kwa wiki, saa moja hadi tatu, siku ile ile na muda ule ule. Wanapiga soga, anamsomea, wanacheza karata, wanasikiliza redio, wanakaa kimya, au anabaki na mgonjwa ili anayemuuguza apate kutoka kidogo. Tumwite mtembeleaji. Matibabu hayamhusu kabisa. Dhamana iko kwa hospisi, yaani taasisi inayotoa tiba hiyo: ndiyo inayopokea rufaa (maombi ya kumpatia mgonjwa mtembeleaji), inayochagua mtu, inayomsimamia na inayopokea simu mambo yakiharibika. Jirani mwema anaweza kufanya yote anayofanya mtembeleaji, ila hana wa kumpigia akikuta mgonjwa anahema vibaya.

Kabla ya kutafuta watu, andika ukurasa mmoja wa mambo ambayo mtembeleaji HAFANYI. Hatoi dawa, hata kidonge ambacho familia imekwisha kukitenga. Hamnyanyui mgonjwa kutoka kitandani kwenda kitini. Hagusi kidonda wala mpira wa mkojo. Hashiki kadi ya benki wala namba ya siri. Hawi shahidi wa wosia. Hakopi, hakopeshi. Halali hapo. Ukurasa huo waupitie wauguzi kwanza, maana wao ndio watakaoulizwa na familia, "Mbona yule kijana wenu amekataa kumpa mzee dawa?"

Eneo la utata ni glasi ya maji. Mgonjwa mwenye shida ya kumeza anaweza kupaliwa kwa funda moja tu. Kwa hiyo fomu ya kila mgonjwa iwe na mstari unaojazwa na nesi: anakunywa mwenyewe, anatakiwa kinywaji kizito, au asipewe kitu chochote na mtembeleaji. Mstari huo ukiachwa wazi, ziara haianzi.

Halafu mratibu. Awe na saa zake zilizotengwa kwa kazi hii peke yake. Mkimpa nesi wa zamu "asaidie saidia", zamu itamvuta kila siku na watembeleaji watapiga simu isiyopokelewa. Mratibu wa nusu siku anamudu jozi 12 hadi 15 (mgonjwa na mtembeleaji wake) kwa utulivu. Wa siku nzima, 25 hadi 30. Ukizidisha hapo anabaki kupanga ratiba tu, usimamizi unakufa kimya kimya, na hilo mtalijua kwa malalamiko.

Kosa linaloua huduma hizi nyingi ni kufundisha watu kabla ya kuwa na wagonjwa. Unafundisha watu 20, rufaa zinakuja mbili. Wale 18 wanangoja mwezi, miezi miwili, wanapoa. Na wanaoondoka mapema ni wale wenye shughuli nyingi na akili ya kazi, yaani uliowataka. Anza na watu 8 hadi 10, na siku ya kwanza ya mafunzo uwe tayari na wagonjwa watano walioulizwa wakakubali.

#2 nesi_wa_jamii

Mkuu umegusa penyewe. Rufaa haziji kwa sababu wauguzi hawazitoi, na si kwamba ni wabaya. Wengine wanasahau, kwa sababu upweke hauna mahali pake kwenye fomu ya ziara. Kuna maumivu, kichefuchefu, choo, usingizi, basi. Wengine wanaogopa kumleta mtu wasiyemjua kwenye nyumba ambayo wamechukua muda kuaminiwa. Na wengine wanamwamulia mgonjwa: "Huyu ana watoto sita, hana upweke." Ana watoto sita wanaoongea juu ya kichwa chake.

Dawa ya hilo ni mratibu kukaa kwenye kikao cha wiki cha timu, akiwa na swali moja analolirudia kila wiki: "Kati ya mliowaona wiki hii, ni nani ambaye hajaongea na mtu yeyote kuhusu jambo lisilokuwa ugonjwa?" Majina yatatoka. Ukiuliza "kuna rufaa?", jibu ni hakuna.

Fomu ya rufaa isizidi ukurasa mmoja. Jina, mahali, lugha anayoiongea akiwa amechoka (si ile anayoongea na daktari), kusikia na kuona, hatari ya kuanguka, maambukizi, nani mwingine yupo nyumbani, siku ambazo hana nguvu kabisa, na je, mgonjwa anajua ugonjwa wake na unavyokwenda. Hilo la mwisho lisisahaulike, mkufunzi atalieleza.

Rufaa za kuchelewa ni ugonjwa mwingine. Mgonjwa akiwa amebakiza siku chache, urafiki hauwezi kuota. Mtembeleaji anaingia kwenye chumba kilichojaa ndugu na hajui akae wapi. Lenga mtu anayeonekana kuwa na miezi mbele yake. Timu nyingi hujiuliza kama wangeshangaa mgonjwa akifariki ndani ya miezi 12. Ikiwa hawatashangaa, muda wa kumwulizia mtembeleaji umefika.

Ridhaa atoe mgonjwa mwenyewe, siyo binti yake. Namna ya kuuliza ina uzito. Ukimwambia "tunataka kukuletea mtu wa kukufariji kwa sababu uko mpweke", atakataa. Nani anataka kuitwa mpweke nyumbani kwake? Mwambie hivi: "Tuna mtu anayeweza kuja Jumatano saa nne mpige soga. Aje mara mbili. Usipompenda, niambie mimi, hutahitaji kumwambia yeye." Sentensi ya mwisho ndiyo inayomfanya akubali.

#3 Msomaji_Kimya

Wakuu, nanyi mnachujaje watu? Maana kila anayekuja anasema "nina moyo wa kusaidia". Utamkataaje mtu wa hivyo?

#4 Bi_Usaili

Ndugu, moyo wanao karibu wote. Unachotafuta ni masikio.

Utaratibu wa kawaida: fomu ya maombi, usaili wa ana kwa ana wa dakika 45 hivi na watu wawili, wadhamini wawili wasio ndugu, uthibitisho wa polisi kwamba hana rekodi ya jinai, na kipimo cha kifua kikuu pale ambapo wagonjwa wenye kinga dhaifu watatembelewa. Wadhamini pigiwa simu. Barua kila mtu ana rafiki wa kumwandikia, kwenye simu ukiuliza "ungemwachia huyu mama yako mzazi mchana mzima?", utasikia kama sauti inasita.

Kwenye usaili usimwulize kwa nini anataka kusaidia. Mwulize mara ya mwisho kukaa na mtu mwenye shida ambayo hakuweza kuitatua ilikuwaje, na alifanya nini. Anayejibu kwa orodha ya ushauri aliompa huyo mtu, weka alama. Kisha wewe mwenyewe nyamaza kwa sekunde kumi katikati ya usaili uone anafanyaje. Akikimbilia kuijaza ile nafasi kwa maneno, atafanya hivyo hivyo kando ya kitanda.

Aliyefiwa na mtu wa karibu ndani ya miezi 12 mwombe asubiri. Si adhabu, na mwambie hivyo. Chumba cha mgonjwa kitamrudisha kwenye msiba wake, na mgonjwa ataishia kumfariji mgeni. Baada ya muda huo wengi wao huwa watembeleaji hodari sana.

Kuna wa kuwaangalia kwa jicho la pili: mponyaji, ambaye ana mizizi au mlo maalumu, mhubiri, anayehesabu roho, mchuuzi, ambaye ndani ya begi mna chupa za virutubisho, na msimuliaji, ambaye kila ugonjwa unamkumbusha shangazi yake. Huyo wa mwisho hufundishika. Watatu wa kwanza wana ajenda, na mgonjwa hana nguvu ya kuondoka chumbani.

Kukataa siyo lazima kufunga mlango. Kuna kupokea simu ofisini, kuendesha gari, kupanga harambee, kubandika anwani kwenye barua. Ila usimpe mtu kazi ya ofisini huku ukimwachia tumaini la "baadaye kidogo" ambalo hulikusudii. Na hata aliyepita, ziara zake tatu za kwanza ziwe za majaribio kwa pande zote.

#5 Mkufunzi_wa_Darasa

Kwenye mafunzo, saa 16 hadi 20, zigawanywe kwa wiki nne au tano. Usizirundike kwenye Jumamosi mbili; kati ya kipindi na kipindi watu wanahitaji muda wa kuchanganua yaliyowagusa, na wengine wataamua wenyewe kwamba kazi hii siyo yao. Hao ni faida.

Mada: tiba shufaa ni nini na hospisi inafanya nini, kusikiliza, mipaka, siri na mahali siri inapokoma, kinga dhidi ya maambukizi, dalili ambazo lazima ziripotiwe, kifo kinavyokuja, majonzi. Nusu ya saa zote ziende kwenye kusikiliza, na kwa vitendo. Waweke watatu watatu: mmoja anaongea kwa dakika tano jambo la kweli lakini dogo, wa pili anasikiliza bila kushauri wala kusimulia la kwake, wa tatu anahesabu mara ambazo msikilizaji alisema "mimi". Wanabadilishana. Hesabu hiyo huwashtua.

Zoezi ninaloliona la lazima ni la swali ambalo wagonjwa huwauliza watembeleaji kuliko wanavyowauliza madaktari:

– Hivi mimi nitapona kweli?

Majibu mawili ya haraka yote mabaya: "Utapona tu, usijali", na "Hapana, ugonjwa wako hauponi." La kwanza linafunga mazungumzo, la pili si lake kulisema. Wafundishwe kurudisha mlango wazi:

– Umekuwa ukiliwaza hilo?
– Usiku hasa. Watoto hawataki nilitaje.
– Usiku huwa unawaza nini?

Hapo mgonjwa ataongea. Mwishoni mtembeleaji anasema: "Kuhusu ugonjwa wenyewe mimi sina jibu, lakini nesi analo. Ungependa nimwambie kwamba umeuliza?" Akikubali, anaripoti siku hiyo hiyo. Akikataa, bado anamweleza mratibu kwamba swali hilo limeulizwa, na mgonjwa awe amejua tangu mwanzo kwamba mratibu hufahamishwa.

Sasa lile la nesi, la mgonjwa kujua ugonjwa wake. Kuna nyumba ambazo familia imeficha ugonjwa, na mgonjwa hajaambiwa. Mtembeleaji hataufichua, lakini pia hatadanganya akiulizwa wazi. Familia iambiwe msimamo huu na mratibu kabla ya ziara ya kwanza. Wakisema mtembeleaji lazima asaidie kuficha, usimpeleke. Hiyo ni kazi ya nesi na daktari kwanza. Na kama mgonjwa mwenyewe kasema hataki kujua, hilo liheshimiwe.

Kwa upande wa vitendo: kunawa mikono anapofika na anapoondoka, kutokwenda akiwa na mafua au anaharisha, na kutogusa damu wala majimaji ya mwili. Pampu ya sirinji (inayompa mgonjwa dawa kidogo kidogo) isiguswe. Ikilia, apige simu ya hospisi, asibonyeze kitu. Mgonjwa akianguka, asimnyanyue. Amtie mto chini ya kichwa, amfunike, apige simu, akae naye sakafuni. Akipata degedege, aondoe vitu vinavyoweza kumuumiza, amlaze ubavu mitetemeko ikipungua, asimtie kitu mdomoni, aangalie saa. Akivuja damu nyingi, taulo la rangi nyeusi au jekundu huzuia hofu ya kuiona. Hili wengi hawalifundishi. Na namba ya kupiga iwe ile iliyo kwenye mpango wa mgonjwa. Kuna wagonjwa waliokwisha amua hawataki kukimbizwa hospitali, na mtembeleaji anayeita gari la wagonjwa kwa hofu anavunja uamuzi uliofikiwa kwa machozi.

#6 Mwenye_Mashaka

Samahani, lakini naona mnatengeneza ofisi. Mtu kumtembelea mgonjwa ni jambo ambalo binadamu wamelifanya miaka yote bila fomu wala saa 20 za darasani. Kule Kerala, India, mitandao ya ujirani imeendesha tiba shufaa kwa nguvu za watu wa kawaida kabisa. Hospisi inapoingia na vitambulisho, jirani aliyekuwa akija na bakuli lake anaona kazi imechukuliwa na wataalamu, anaacha.

#7 Mratibu_Shufaa

Mkuu, hoja ya jirani kuacha ni ya kweli na naipokea. Ndiyo maana tathmini ya kwanza nyumbani iulize nani tayari anakuja, na siku gani, ili mtembeleaji wetu apangwe siku ambayo hakuna mtu. Mara nyingine jibu sahihi la rufaa ni kumwimarisha jirani aliyepo: namba ya simu ya hospisi na nusu saa ya maelekezo, basi.

Ila kuhusu Kerala, nguvu yake haikuwa kukosa mpangilio. Wale watu wa kujitolea wanafundishwa, wanatafuta wagonjwa, wanachangisha fedha, na nyuma yao kuna wauguzi na madaktari wanaozunguka majumbani. Kilichobadilika ni nani anaongoza. Hata hospisi ya St Christopher's ya London, ambayo Cicely Saunders, mwanzilishi wa hospisi za kisasa, aliifungua mwaka 1967, ilikuwa na watu wa kujitolea tangu mwanzo, na walikuwa na msimamizi wao. Fomu ni kwa ajili ya siku moja kati ya mia. Siku hiyo ikifika, anayekosa fomu ni mgonjwa.

#8 Mpokea_Simu

Niongezee kwenye kuoanisha watu na usalama, maana huko ndiko simu zinakotoka.

Kuoanisha: watu hukimbilia umri na aina ya mambo wanayopenda. Vinasaidia, lakini vinavyovunja jozi ni umbali na saa. Mtembeleaji anayesafiri zaidi ya dakika 30 kwenda ataanza kuahirisha kwenye wiki ya sita au ya saba. Kuahirisha mara mbili mfululizo kwa mgonjwa huyu ni afadhali asingekuja kabisa, kwa sababu amejiandaa tangu asubuhi, amevaa, ametumia nguvu ya siku nzima kukusubiri. Baada ya hapo lugha. Baada ya hapo ndiyo mpira wa miguu, bustani na kadhalika. Mwulize pia mgonjwa kama anataka mwanamume au mwanamke, na umwamini jibu lake.

Ziara ya kwanza mratibu aende naye. Atambulishe, akae dakika 20, aondoke awaache. Ampigie mgonjwa baada ya ziara ya pili, mtembeleaji akiwa hayupo. Swali: "Aendelee kuja?" Ukiuliza "anakufaa?" utajibiwa kwa adabu tu.

Tathmini ya nyumba ifanyike kabla: mbwa, ngazi, taa za nje, anayevuta sigara karibu na mtungi wa oksijeni, silaha, mlevi wa nyumbani, ndugu wasioelewana kuhusu mali. Nyumba yenye ugomvi wa mali mtembeleaji aambiwe wazi, na akae mbali na mazungumzo yote yenye neno "shamba" au "hati".

Kila ziara: ujumbe mmoja akifika, mmoja akitoka. Zikipita dakika 30 baada ya muda aliosema atatoka bila ujumbe, mpokea simu anampigia. Asipopokea mara mbili, anapiga nyumbani kwa mgonjwa. Asipopata, anafuata ngazi ya juu iliyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na simu. Mfumo huu hufa kwa namna moja: watembeleaji wanasahau ujumbe wa kutoka, mpokea simu anachoka na simu za bure, anaacha kupiga. Kwa hiyo anayesahau mara tatu aitwe, azungumzwe naye. Na ziara zifanyike tu saa ambazo kuna mtu wa kupokea simu. Mtembeleaji asiende Jumapili ambayo ofisi imefungwa kwa sababu tu mgonjwa kamwomba.

Ripoti ya ziara ni mistari minne: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, hali kwa jumla, kuna la kuripoti au hapana. Siri za mgonjwa haziandikwi humo. "Ameongelea ndoa yake ya kwanza" haimhusu anayefungua faili.

#9 Msomaji_Kimya

Asanteni. Je, zawadi? Namba ya simu binafsi? Na mgonjwa akisema "nikwambie jambo lakini usimwambie mtu"?

#10 Bi_Usaili

Zawadi: kikombe cha chai pokea, mfuko wa matunda pokea ukaripoti, kitu cha thamani au pesa usipokee, mwelekeze kwa hospisi. Usimwache mtembeleaji akatae peke yake mbele ya mgonjwa aliyenyoosha mkono, mpe sentensi ya kutupia lawama ofisini: "Hospisi hawaturuhusu, wataninyang'anya kitambulisho." Mgonjwa hatajisikia kudharauliwa.

Namba ya simu: hapa watu wanatofautiana. Wapo wanaoruhusu. Msimamo wangu ni kwamba mawasiliano yapite ofisini, au kwa simu ya hospisi anayokabidhiwa mtembeleaji na kuizima akimaliza. Mgonjwa mwenye hofu saa nane usiku atampigia mtu anayemwamini, na huyo siyo nesi wa zamu tena. Dakika zilizopotea ndizo zilizokuwa za kutuliza maumivu. Mitandao ya kijamii na picha: hapana, hata kama familia imekubali.

Kuhusu siri, jibu litoke kabla siri haijatoka: "Nitaitunza, isipokuwa kama wewe au mtu mwingine yuko hatarini, hapo nitalazimika kumwambia mratibu." Asiyesema hivyo mapema hujikuta ameahidi, kisha anasikia kwamba mgonjwa anapigwa, ananyimwa dawa, au amekusanya vidonge kwenye soksi. Hayo yaripotiwe kabla hajafika nyumbani kwake. Kutaja tu kwamba amechoka kuishi nako kuripotiwe. Mara nyingi ni maumivu au huzuni inayotibika, lakini atakayelipima hilo ni timu.

#11 nesi_wa_jamii

Hakuna aliyegusa kumalizika kwa ziara, na ndipo watu wengi wanapopotea.

Mgonjwa akifariki, mtembeleaji aambiwe siku hiyo hiyo, kwa sauti, na mtu anayemjua. Kosa linalojirudia: taarifa zimefika kwa nesi, zimefika kwa daktari, zimeingia kwenye kompyuta, na Jumatano saa nne mtembeleaji anabisha hodi kwenye nyumba iliyojaa waombolezaji. Weka jina lake kwenye orodha ile ile ya watu wanaopigiwa simu, si kwenye orodha ya "baadaye". Mazishini anaweza kwenda familia ikiwa imeridhia, akiwa mgeni wa kawaida, bila kueleza watu alikuwa nani kwa marehemu wala alikuwa mgonjwa wa nini. Anaweza kuwatembelea wafiwa mara moja. Zaidi ya hapo wapewe mtu wa huduma ya wafiwa. Asipewe mgonjwa mwingine kabla ya kuzungumza na mratibu, na mapumziko ya wiki nne ni kiasi cha chini kizuri. Wapo wanaosema wako tayari kesho. Hao ndio wa kuwasubirisha.

Mgumu kuliko huo ni mwisho wa mgonjwa aliyepata nafuu. Wapo wanaotolewa kwenye orodha ya hospisi kwa sababu hali imetulia, na mtembeleaji ndiye mtu pekee anayekuja. Amua mapema kwenye sera: ziara ziendelee kwa miezi mitatu huku mkimtafutia kundi au jirani, zikipungua kutoka kila wiki hadi kila wiki mbili. Usizikate siku moja na ziara za nesi.

Usimamizi: kikao cha pamoja kila mwezi, dakika 90, watu wasiozidi kumi, na mazungumzo ya ana kwa ana kila baada ya miezi mitatu. Asiyehudhuria vikao viwili mfululizo anasimamishwa ziara mpaka aonekane. Inasikika ni kali. Lakini mtembeleaji aliyekwisha kuvuka mipaka ndiye wa kwanza kukwepa kikao.

#12 Mwenye_Mashaka

Haya, nimelainika kidogo. Mtapimaje kama inasaidia? Wafadhili watauliza.

#13 Mkufunzi_wa_Darasa

Usiwaahidi kwamba ubora wa maisha utapanda kwenye dodoso. Uingereza ulifanyika utafiti wa kulinganisha wagonjwa waliopata mtembeleaji papo hapo na waliosubiri wiki nne, ukachapishwa mwaka 2016. Tofauti ya wazi ya ubora wa maisha haikuonekana. Wiki nne ni chache kwa urafiki, na watu hawa hali zao zinashuka kila wiki, kwa hiyo hata kubaki palepale ni kitu. Ila mfadhili aliyeahidiwa mstari unaopanda atadai mstari unaopanda.

Pima mnachokiweza: siku kati ya rufaa na ziara ya kwanza (zikipita 14, tafuta kilichokwama), ziara zilizofanyika dhidi ya zilizopangwa, wagonjwa waliofariki wakiwa bado wanasubiri, watembeleaji waliobaki baada ya mwaka. Kipimo kifupi cha upweke cha maswali matatu kinatosha, mwanzoni na baada ya wiki nane, kikiulizwa na mtu asiyekuwa mtembeleaji mwenyewe. Hiyo namba ya waliofariki wakisubiri ipelekwe kila robo mwaka kwa uongozi, maana ndiyo itakayokupatia mratibu wa pili.

#14 Mratibu_Shufaa

Kwa waliouliza faraghani kuhusu bajeti: fungu kubwa ni mshahara wa mratibu, kisha nauli, simu, bima na mafunzo. Bima iandikwe wazi kwamba inawahusu wasiolipwa na kwamba inafuata mtu hadi nyumbani kwa mgonjwa. Nyingi za ofisi huishia getini. Nauli irudishwe kwa risiti au kwa kiwango cha umbali, ndani ya wiki mbili. Ikichelewa mtabakiwa na wenye uwezo peke yao, na wagonjwa wasio na uwezo watakosa mtu anayefanana nao. Posho ya kukaa msilipe: inabadilisha wanaojitokeza, na kisheria inaweza kumgeuza mtembeleaji kuwa mwajiriwa.

Fomu ya rufaa na ya ripoti ya ziara nitaziweka kwenye posti ijayo. Mwenye ya tathmini ya nyumba iliyo fupi kuliko kurasa mbili aitupie hapa.